Konokono ya Mwantumu

Jumanne ya tarehe nane Machi, mwaka 2061, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, gari la reli la majani ya mkonge namba saba liliachia breki juu ya kilima cha Kwamsembe, na Shembilu akamwita mkewe mara tatu.

Hilo la mara tatu hakuna anayelibisha. Hata taarifa ya wakubwa wa shamba iliandika mara tatu. Aliita kwa pumzi yote ya kifua, amesimama kwenye mteremko wa reli, kamba ya tita bado imemning'inia mkononi. Chini yake, kwenye jukwaa la korona, ile mashine ya kuponda mkonge, wanawake wanne walikuwa wamempa mgongo, wanalisha majani ya mkonge kwenye mkanda wa mashine. Watatu waligeuka. Nyange aliruka kushoto, wenzake wawili wakajitupa kulia, mmoja akavunjika kidole. Wa nne, Mwantumu mkewe, hakugeuka. Alikuwa ameinama anafungua tita, ametulia kama mtu anayechagua mchele, mpaka gari lilipofika.

Watatu walisikia, mmoja hakusikia. Na wote wanne walikuwa wamevaa nyuma ya sikio konokono za aina moja, zilizotoka sanduku moja, zikafungwa na fundi mmoja, siku moja.

Shembilu aliishia darasa la nne, lakini kwa jambo hili hakuhitaji cheti. Watu wanne wakila chungu kimoja, akafa mmoja, huulizi chungu. Unauliza nani alimpakulia.

*

Zamani, kabla ya konokono, watu wa Kwamsembe walizungumza kwa mikono. Ngoma za korona zinavyoyaponda yale majani mpaka yatoe nyuzi za singa, mtu akikaa nazo miaka kumi masikio yake hubaki ya kutundikia hereni tu. Ikaja sheria ya serikali kwamba kila mfanyakazi lazima asikie. Wakubwa wakakuna vichwa. Kuinyamazisha mashine ni gharama. Basi mashine ikaachwa ipige kelele zake, watu ndio wakavishwa.

Konokono ni kidude cha ukubwa wa kokwa ya tende. Kina ndoano ya waya inayopita juu ya sikio, na tumbo bapa linaloukalia mfupa wa nyuma yake. Tundu la sikio haliguswi. Tumbo lile hutetema, mfupa nao ukatetema, na sauti ikafika kichwani kama mgeni aliyekuta mlango wa mbele umefungwa akapitia uani. Mwantumu alipovaa siku ya kwanza alilia. Alisema amesikia tena kandambili zake zikipiga sakafu. Shembilu yeye alikataa katakata.

"Nusu ya masikio niliyobakiwa nayo inanitosha," alisema. "Mimi sivai pingu ya wakubwa kichwani."

Kidude hicho kinaijua sauti ya kila mtu. Ukikibonyeza mara mbili mtu akiwa anasema, basi mtu huyo umemlaza. Hutamsikia tena mpaka umwamshe. Kitufe kiliwekwa kwa ajili ya kazi, lakini Kwamsembe wakakijengea mila. Mawifi walilazana. Wakwe walilazwa kwa heshima zote, mkwe anasema na mkaza mwana anaitikia kwa kichwa. Mwaka wa uchaguzi diwani alilazwa na kambi nzima, akahutubia saa mbili, watu wakimpigia makofi kila alipofungua mdomo na kuufumba. Na aliyelazwa haombi radhi kwa maneno, maana hasikiki. Humsogelea mwenzake kwa adabu, akagonga konokono yake mara tatu kwa ncha ya kidole, akasubiri. Mapigo yale matatu huwaamsha wote waliolala. Kwamsembe, kugonga ndiko kuomba msamaha, na hakuna mtu aliyegongwa akakataa.

*

Siku ya arobaini na mbili baada ya mazishi, Shembilu alichemsha chai, akaiacha ipoe, akafungua fundo kwenye pembe ya kanga. Humo ndimo ilimokaa konokono ya mkewe tangu mazishi, baada ya waoshaji kuitoa na kumkabidhi mlangoni. Aliitundika kwenye sikio lake la kulia, akalisukuma lile tumbo mpaka likaukalia mfupa, akafumba macho.

Kwanza kimya. Halafu akaja Mwantumu.

Hakuja na maneno. Alikuja na ule wimbo wake wa puani, aliozoea kuuimba midomo imefumba huku anafungua matita. Sekunde sita, pengine saba. Ukakatika. Ukaanza tena, ukakatika palepale. Ukaanza mara ya tatu, kisha konokono ikatoa mlio mfupi wa kushindwa, ikanyamaza.

Alijua kwa nini. Fundi alikwisha kuwaeleza wote siku ya kuvishwa. Kila kikitundikwa sikioni kidude hujipima. Hupitisha mfupani sauti ya mwenyewe kiliyoihifadhi, kikasikiliza inavyorudi, kijue kama kimekaa sawasawa. Kila fuvu lina mlio wake, kama vyungu vya sokoni ukivigonga kwa kucha. Hiki kilikuwa kinautafuta mfupa wa Mwantumu ndani ya kichwa cha Shembilu. Kilitafuta mara tatu, hakikumkuta, kikakata tamaa. Kikitundikwa tena, kingetafuta upya. Hakikujua kufiwa.

Na sauti yenyewe haikuwa ile aliyoijua. Ilikuwa nzito zaidi, ya chini, ina joto la kifuani. Ndivyo Mwantumu alivyojisikia mwenyewe kutoka ndani, sauti ambayo mtu huenda nayo kaburini pasipo jirani kuijua. Miaka ishirini na tisa Shembilu alikuwa ameishi na sauti ya nje ya mkewe. Hii ya ndani ameanza kuisikia juzi.

"Shemeji, umevaa tena hereni za mwanamke?"

Nyange alikuwa mlangoni na kibuyu cha uji. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, na kwa kuwa Mwantumu alimwita mdogo wangu, utani ulikuwa haki yake.

"Afadhali hereni kuliko kwato," Shembilu alimjibu, akiitazama miguu yake iliyopasuka kwa maji ya mkonge.

"Kwato zinalipa kodi ya nyumba. Kunywa uji, uache kukonda kama ufito." Akamimina kikombe. Kisha, pasipo kumtazama, akasema, "Wamenipanga pale pake. Kuanzia leo, zamu ya saa nane."

"Pake wapi?"

"Pake. Kona ya jukwaa, chini ya reli."

Shembilu alikishika kikombe, hakunywa.

*

Hodi iliyofuata ilikuwa ya mtu asiyezoea milango ya kambini. Alibisha kwenye ubao badala ya kuita.

"Kama unatoka kwa wakubwa, rudi," Shembilu alisema. "Kama ni binadamu, karibu."

"Nitajaribu hilo la pili, mzee wangu. Shikamoo."

Alikuwa Kokuhirwa, yule ambaye watu walimwita fundi masikio, binti wa Kihaya mwenye mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Ndiye aliyewavisha wote wanne. Shembilu aliitikia marahaba kwa meno.

Fundi aliketi, akatoa karatasi. Konokono zote za marehemu zirudishwe ofisini kabla ya Ijumaa saa sita.

"Mnazifanyia nini?"

"Zinasagwa."

"Na kilichomo ndani?"

"Pamoja na kilichomo." Alikunja karatasi. "Lakini sikuja kwa hiyo karatasi, mzee. Mkaguzi wa serikali yuko ofisini leo mpaka saa kumi. Anafunga faili la mkeo. Wakubwa wameandika kwamba marehemu alikuwa amemlaza mumewe, kwa hiyo hakumsikia. Uzembe wa mvaaji."

Uji ulimwagika mezani. Nyange aliukinga kwa kiganja.

"Yaani mimi," Shembilu alisema taratibu. "Gari ni lao, breki ni zao, mashine ni yao, kidude ni chao. Na aliyemuua ni mimi na mke wangu, tulikaa kitako tukapanga."

"Mimi sisemi hivyo."

"Unasemaje wewe? Maana ulikuja hapa na makoti meupe ukatuambia tumepona."

Kokuhirwa alikubali lile pigo, hakulikwepa. "Ile konokono niliichora mimi," alisema. "Kelele zikizidi, haiwezi kupitisha sauti mbili mfupani, zote zingevurugika. Lazima ichague moja. Nilitaka ichague ya mwenye hofu. Hofu inapimika, mzee. Mtu akiita kwa woga sauti yake ina meno, hata mashine inayaona. Wakubwa wakasema hapana. Daraja la kwanza nyapara. Akisema nyapara na mvaaji, kwa mvaaji huyo wengine wote wanazibwa mpaka amalize."

"Ukakubali."

"Nikakubali. Nilikuwa na miezi minne kazini."

"Na siku ile nyapara alikuwa anasema?"

"Nyapara wenu, Bwana Lyatuu, anasema hakumbuki. Na rekodi zake za asubuhi ile zimepotea."

"Zimepotea zenyewe," Shembilu alisema. "Zikavaa viatu, zikaaga."

Nyange alicheka kidogo, kisha uso ukambadilika. "Ngojeni. Siku tunamwosha, mimi ndiye niliyeitoa sikioni. Ilitetema mkononi mwangu. Kulikuwa na watu wanasema nje, ikawa inatetema. Niliogopa nikaitupa kwenye beseni."

Fundi aliinuka nusu. "Nani alikuwa anasema?"

"Wanaume. Wengi. Sikuwapambanua."

"Ipo njia rahisi," Kokuhirwa alisema. "Mtu aliyelazwa hatetemeshi. Dada, ishike kiganjani. Mzee, sema neno."

Shembilu aliivua, akaiweka kwenye kiganja cha Nyange kama anayeweka yai.

"Niseme nini?" aliuliza.

Nyange alitoa macho. "Imetetema."

"Mwantumu," Shembilu alisema.

"Imetetema tena, shemeji. Wallahi, kama panzi."

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Kitu kilichokuwa kimemkalia shingoni siku arobaini na mbili kilinyanyuka. "Mnaona? Niko macho. Hakunilaza. Fundi, twende kwa huyo mkaguzi sasa hivi, na kiganja hikihiki."

Kokuhirwa alikuwa ameanza kutabasamu. Ndipo akauliza swali dogo, kwa ajili ya utaratibu tu. "Tangu siku ile haijagongwa, sivyo?"

Shembilu aliikodolea konokono kiganjani mwa Nyange.

"Mzee?"

"Kule makaburini," alisema. "Wakati wanafukia. Nilikuwa nayo mfukoni. Nikaishika, nikagonga."

"Mara ngapi?"

"Zinagongwa mara ngapi? Mara tatu."

Fundi alikaa polepole. Hata Nyange, ambaye kazi ya vidude hakuijua, alielewa. Mapigo matatu huwaamsha wote. Kama Shembilu alikuwa amelala, alijiamsha mwenyewe juu ya kaburi, na asiyekuwa amelala naye angeitetemesha vilevile.

"Uligonga kwa nini, shemeji?" Nyange aliuliza. "Ulikuwa unaomba radhi ya nini?"

Hapo ndipo alipolisema, kwa mara ya kwanza, akiutazama uji uliomwagika. Asubuhi ile walikuwa wamegombana. Mwantumu alimwambia avae konokono kama watu wengine, kwani amechoka kuongea kwa kupiga kelele ndani ya nyumba yake mwenyewe. Yeye akamjibu kwamba mke aliyevishwa na wakubwa ni mke wa wakubwa. Mwantumu alijifunga mtandio, na katika kujifunga mkono ulipanda sikioni. Shembilu bado alikuwa anasema.

"Alikuwa anarekebisha mtandio," alisema. "Au alikuwa anabonyeza. Sijui. Nilikuwa namtazama na sijui."

*

Kokuhirwa alisema ipo njia ya pili. Chini kabisa ya kumbukumbu ya konokono kila mbonyezo umeandikwa na saa yake, na kila sauti iliyopita. Anao ufunguo. Lakini ukishafunguliwa humo, sauti ya mwenyewe inafutika. Inasomwa mara moja tu.

"Nani alipanga hivyo?"

"Wakubwa. Waliogopa kesi."

"Kila mahali wapo," Shembilu alisema. "Nikifa nitawakuta wamekaa kwenye sanda."

Nyange aliaga, akaenda kuvaa kwa ajili ya zamu. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kusema neno, akaliacha. Na neno lile aliloliacha ndilo lililobaki chumbani. Wanawake arobaini na wawili wamevaa vile vidude pale korona. Nyapara akisema na mmoja wao wakati gari linashuka, huyo naye atachagua mchele wake mpaka mwisho. Mkaguzi akiona kwa macho yake kwamba nyapara alimziba mtu, daraja zitabadilishwa. Asipoona, faili linafungwa saa kumi.

Shembilu aliitundika sikioni. Wimbo wa puani ukaja, ukakatika. Ukaja, ukakatika. Mara ya tatu alijaribu kuufuata kwa pua yake mwenyewe, ili kile kidude kidanganyike, kidhani kimempata. Hakikudanganyika. Kikalia, kikanyamaza.

"Chukua," alisema.

Fundi aliunganisha waya mwembamba, akaweka kioo chake kidogo mezani. Mistari ilipanda. Shembilu hakuweza kuisoma kwa mwendo ule, akawa anasoma uso wa binti.

"Saa nne na dakika kumi na tatu," Kokuhirwa alisoma. "Nyapara. Kwa Mwantumu peke yake. 'We mama, unafungua tita au unalibembeleza? Wenzako wako la kumi.' Ameendelea mpaka dakika kumi na tano kasoro kidogo."

Dakika nzima na zaidi. Shembilu alipiga meza kwa kiganja. "Nilisema mimi. Nilisema tangu siku ya kwanza. Andika hivyohivyo, na lile la kubembeleza liandike."

Lakini uso wa fundi ulikuwa haujamaliza kusoma.

"Kuna mstari mwingine, mzee."

"Wa saa ngapi?"

"Saa moja na dakika sita asubuhi. Mibonyezo miwili." Alikiinamia kioo. "Aliyelazwa ni wewe."

Nje, korona ilibadilisha mlio, ikaanza kupunguza kasi kwa ajili ya kubadilisha zamu.

"Akaniamsha saa ngapi?"

Kidole cha Kokuhirwa kilishuka na mistari, kikashuka, kikafika mwisho wa asubuhi ile pasipokuwa na mistari zaidi. Akakigeuza kioo ili aone mwenyewe, na Shembilu akaona weupe.

"Hata nyapara angenyamaza, usingepita," binti alisema kwa sauti ya chini. "Na hata usingelazwa, nyapara angekuziba. Milango ilikuwa miwili, mzee, yote imefungwa. Nikimpa mkaguzi yote mawili, wakubwa watashika hili la pili. Watasema, si tuliwaambia. Daraja zitabaki zilivyo. Nikimpa la kwanza peke yake, huu mstari naweza kuufuta sasa hivi. Tumeuona mimi na wewe tu."

"Huko kutakuwa kusema uongo."

"Kutakuwa kuficha."

"Na wao kuficha kwao wamekupa jina," Shembilu alisema. "Rekodi zimepotea."

Aliichukua konokono, akaitundika tena. Alisubiri wimbo. Kilikuja kimya kitupu, laini, kama cha kidude kipya kutoka sandukuni. Kidude hakikutafuta mtu. Kilikuwa tayari kujifunza mfupa wowote watakaokipa.

Siku zote alijua wa kumlaumu. Jina la nyapara alilitamka akilala, la meneja akiamka. Sasa ukweli uko mezani, mistari miwili, na mmoja wake ungewasaidia walewale anaowachukia, na mwingine ungeweza kuwaokoa wanawake arobaini na wawili iwapo tu yeye, Shembilu, atafanya kile walichokifanya wao. Na Mwantumu, aliyekwenda kazini na hasira yake ya haki, ataitwa mzembe au ataitwa asiye na hatia, kulingana na kidole cha binti huyu.

"Niandike ipi, mzee wangu?" Kokuhirwa aliuliza. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo.

King'ora cha zamu kililia. Mlango ulisukumwa na Nyange akasimama kizingitini na buti zake za mpira, kitambaa kimefungwa kichwani, konokono yake imekaa nyuma ya sikio inang'aa kwa jua la mchana. Alimtazama fundi, akamtazama shemeji yake, akaona kioo na waya na kanga iliyofunguliwa fundo.

"Haya," alisema. "Mimi ndiyo nakwenda. Nikisimama pale leo, shemeji, ukaniita, nitakusikia?"